Kuchimba njia za meli: nani ana mamlaka ya kusimamisha mashine?

Mito hushusha tope, mawimbi husukuma mchanga, na vyote hujilaza kwenye milango ya bandari. Isipochimbwa, njia ya meli hujaa. Ndiyo maana katika bandari nyingi swali la kuchimba au kutochimba huwa limeshajibiwa kabla wavuvi na wanamazingira hawajaitwa mkutanoni. Linalobaki kupimwa ni hili: masharti ya kulinda makazi ya samaki, yanayoambatanishwa na kila kibali, yana nguvu gani mashine ikishawashwa?

Hoja ya wenye bandari hutupwa haraka mno, kwa hiyo nianze nayo. Mlango ukiwa na kina kidogo, meli hulazimika kupunguza shehena au kutia nanga nje ikisubiri maji yajae, na gharama ya kusubiri humwangukia mnunuzi. Meli moja kubwa huchoma mafuta machache kwa kila tani kuliko meli ndogo kadhaa zinazobeba mzigo uleule. Meli ikipanda fungu la mchanga na matangi yakapasuka, mafuta yanaweza kufika kwenye mikoko ambayo uchimbaji wenyewe usingeigusa. Hata wavuvi wenye boti za injini hupita milango hiyohiyo, na mlango uliozibwa na mchanga huwakwamisha katikati ya mawimbi. Anayepinga uchimbaji wowote, popote, ana deni la kuwajibu hao pia.

Lakini njia ya meli ni njia ya samaki vilevile. Aina nyingi za samaki na kamba huzaa nje baharini, kisha vifaranga wao huingia na maji kujaa kupitia mlango uleule wa meli, wakitafuta mikoko na nyasi bahari za kujificha hadi wakue. Bomba la kunyonya linapopita chini hufyonza mchanga pamoja na kaa, chaza, minyoo ambayo samaki hula, na mayai yaliyotagwa pale. Tope linaloibuka huzuia mwanga, na nyasi bahari zikikaa gizani muda mrefu hufa. Likitua juu ya matumbawe huyasonga. Katika bandari za zamani tope hilo huwa na madini ya risasi, zebaki na sumu za rangi za meli zilizopigwa marufuku kimataifa mwaka 2008, zote zikiwa zimelala chini hadi zilipokorogwa.

Sehemu ya madhara haya hupona. Sakafu ya mchanga ikiachwa itulie, viumbe hurudi baada ya miezi au miaka michache. Kinachonitia hofu zaidi ni umbo jipya la njia, kwa sababu lenyewe haliondoki baada ya mkandarasi kufungasha mitambo yake. Mto Ems, kaskazini mwa Ujerumani, umeongezwa kina mara kadhaa ili meli kubwa za abiria zinazoundwa mjini Papenburg zipate kufika baharini. Kina kilipozidi, maji ya kujaa yakawa yanaingia kwa nguvu kuliko yanavyotoka wakati wa kupwa, yakibeba tope kwenda juu mtoni na kuliacha huko. Kadiri walivyochimba ndivyo tope lilivyozidi kuingia, na kadiri lilivyoingia ndivyo walivyolazimika kuchimba tena. Sehemu za mto zikageuka uji mzito wa tope, na wakati wa kiangazi oksijeni hushuka mno hata samaki hawawezi kupita. Mwaka 2015 serikali na wadau walitia saini mpango wa kuufufua mto huo hadi mwaka 2050. Mhandisi wa bandari atasema, na ni kweli, kwamba si kila mlango ni mwembamba kama Ems. Hata hivyo, tathmini inayopima tope la miezi ya kazi peke yake, bila kukadiria mwendo wa maji wa miongo ijayo, imeacha sehemu nzito ya suala.

Kuna pia ugumu wa ushahidi. Bandari ya Miami ilichimbwa kati ya mwaka 2013 na 2015, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa zaidi ya matumbawe nusu milioni yaliangamia ndani ya nusu kilomita ya njia ya meli. Watetezi wa mradi walielekeza kidole kwenye ugonjwa wa matumbawe uliozuka eneo hilo mwaka 2014 na kwenye joto la maji. Huko Gladstone, Australia, samaki wenye vidonda walianza kuonekana mwaka 2011 wakati uchimbaji mkubwa ukiendelea, na uvuvi ukafungwa kwa muda. Serikali ilisema mafuriko ya mwanzoni mwa mwaka huo yalikuwa yamesukuma samaki wengi kutoka bwawani hadi bandarini, wakabanana na kudhoofika. Wavuvi walilaumu tope. Baadaye uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya serikali ulibaini kasoro katika usanifu na ujenzi wa ukuta uliopaswa kuzuia tope hilo lisivuje.

Sidai kwamba mafuriko hayakuchangia, wala kwamba ugonjwa wa Miami ulikuwa kisingizio. Tatizo ni kwamba mambo mawili yakitokea kwa pamoja, aliye na vipimo vya kabla ya kazi ndiye anayeweza kuyatenganisha. Kwa kawaida vipimo hivyo viko mikononi mwa mwenye mradi, si mwa mvuvi. Kutaka vipimo vya misimu kadhaa kabla ya kuchimba huitwa ucheleweshaji, lakini bila hivyo kila mgogoro utaishia kwenye neno la mmoja dhidi ya la mwingine.

Kinga inayopendwa zaidi ni kalenda: usichimbe wakati samaki wanapotaga wala vifaranga wanapoingia. Naiunga mkono, ila haina wepesi unaodhaniwa. Viumbe hawana msimu mmoja. Kusini-mashariki mwa Marekani, kwa miaka mingi meli zinazochimba kwa bomba la kunyonya zilitakiwa kufanya kazi majira ya baridi ili zisiwaue kasa. Miezi hiyohiyo ndiyo nyangumi adimu hufika kuzalia huko, na ndiyo vifaranga wa baadhi ya samaki huingia kwenye ghuba. Makandarasi nao hulalamika, kwa haki, kwamba kazi ya nchi nzima ikibanwa ndani ya miezi michache, meli za kuchimba huwa haba na bei hupanda. Kalenda nzuri hutokana na kujua ni kiumbe gani mahali hapo hakiwezi kustahimili hasara, na wanaovua humo kila bamvua huwa wanamjua mapema kuliko mtaalamu aliyekuja kwa mwezi mmoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba orodha ndefu ya masharti inatosha. Vibali vingi huweka kikomo cha tope kwenye maji, na vipimo vikikivuka kazi isimame. Je, siku hiyo ya kusimama inalipwa na nani? Meli ya kuchimba hugharimu fedha nyingi kila siku, hata ikiwa imetia nanga. Hasara ikimwangukia mkandarasi, atatafuta namna ya kuweka kipimo mahali ambapo tope halifiki. Ikiiangukia bandari, wakubwa wake watapiga simu kuomba kikomo kilegezwe. Sharti ambalo halikuwekewa fedha ndani ya mkataba halitatekelezwa siku ya shida. Ningependa kila zabuni itenge mapema siku za kusimama zilizokwisha kulipiwa, na msimamizi wa mazingira mwenye uwezo wa kuzitumia asiwe ameajiriwa na mkandarasi wala na bandari. Hilo linapandisha gharama ya mradi, na bandari maskini italiona zito. Lakini gharama hiyo ipo vyovyote vile. Isipolipwa na mradi, inalipwa na mvuvi anayerudi na nyavu tupu.

Kuhusu mahali pa kutupa kifusi, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2015 Australia ilipiga marufuku kutupa kifusi cha uchimbaji mpya ndani ya hifadhi ya matumbawe ya Great Barrier Reef, lakini kifusi cha usafishaji wa kawaida wa njia za meli hakikuguswa, ingawa usafishaji ndio unaojirudia. Tope safi linaweza pia kuwa mali. Kisiwa cha Poplar katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, kilikuwa kimeliwa na mawimbi hadi kubaki na takriban ekari 5, na tangu mwaka 1998 kimejengwa upya kwa tope la njia za meli za Baltimore, sehemu yake ikiwa maeneo oevu ya samaki na ndege.

Wengine husema yote haya yanaweza kumalizwa kwa fidia. Lamu inaonyesha udhaifu wa njia hiyo. Wavuvi na wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2012 kupinga namna bandari mpya ilivyokuwa ikijengwa. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo ya mazingira safi, na ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, wengi wao wakiwa bado wanasubiri fedha hizo. Kufikia wakati huo njia ya meli ilikuwa imeshachimbwa, na hakuna hukumu ambayo ingeirudisha sakafu ya bahari kama ilivyokuwa. Nafasi ya kuwasikiliza wavuvi ilikuwa kabla ya mkataba kusainiwa, wakati bado ingewezekana kusogeza njia, kubadili msimu wa kazi na kuandika ni nani atakayelipia siku ambayo mashine italazimika kusimama.