Gurudumu la mke, daftari la mume

Mwaka 1529 Maarten van Heemskerck alichora picha mbili za mtu na mkewe, wanaodhaniwa kuwa Pieter Bicker na Anna Codde wa Amsterdam. Mume ana daftari la hesabu na fedha. Mke ana gurudumu la kusokotea nyuzi. Ni watu wenye nacho, na sidhani kama nyumba ile ilingoja nyuzi za mama huyo ndipo ipate mkate.

Ndiyo maana wapo wanaosema picha za aina hii hazituambii lolote kuhusu kazi. Kwao gurudumu ni alama tu ya mke mwema wa Mithali 31 katika Biblia, atafutaye sufu na kitani. Hata Penelope, mke wa Odisea katika hadithi za Kigiriki, aliyechorwa na Pinturicchio huko Siena, Italia, mnamo 1509, ameketishwa kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, ili aonekane mwaminifu kwa mume aliye safarini; nguo yenyewe haina mnunuzi. Jasho la mume linapimwa kwa fedha, la mke kwa tabia. Kwa picha za matajiri, hoja hiyo sioni pa kuipinga.

Lakini tukienda Ferrara, pia Italia, mambo yanabadilika. Katika jumba la Schifanoia, mnamo 1470, Francesco del Cossa alimchora Minerva, mungu mke wa Kirumi wa hekima na ufundi, upande mmoja wasomi, upande wa pili wanawake wakifuma na kutarizi. Mungu mke ni mmoja, na ufumaji umepewa kiti kando ya elimu. Hiyo si sifa ya utiifu tu.

Leiden, Uholanzi, ndiko kwenye ushahidi mzito zaidi. Katika miaka ya 1590 Isaac van Swanenburg alichora hatua za kutengeneza kitambaa cha sufu kwa ajili ya jengo la biashara hiyohiyo. Wanawake wanasokota, wanaume wanafuma. Waliolipia picha waliijua kazi, kwa hiyo vyombo na mgawanyo ule nauamini. Nisichokiamini ni ule unadhifu wa kila mtu chini ya paa moja. Usokotaji ulitawanyika majumbani na vijijini, kwa malipo ya kipande, na kitanda kimoja cha mfumi kilihitaji wasokotaji kadhaa ili kisikae bure.

Malipo hayo hayamo kwenye rangi. Yamo kwenye vitabu vya wafanyabiashara kama Francesco Datini wa Prato, Italia, aliyefariki mwaka 1410, ambako wanawake waliomsokotea sufu wameandikwa pamoja na ujira wao.