Saikolojia ya elimu: ufundishe kwanza au uombe chuo moja kwa moja?

Vijana wanaomaliza shahada ya ualimu na kurudi Kasulu wananiuliza jambo moja: nikitaka kuwa mwanasaikolojia wa elimu, yule anayechunguza watoto wanavyojifunza na kwa nini wengine wanakwama, niombe uzamili mwaka huu huu au nikafundishe kwanza?

Wanaosema usichelewe wana hoja. Ukishaajiriwa, kwenda kusoma kunataka ruhusa ya mwajiri, na ruhusa husubiriwa. Wadogo zako nao wanataka ada. Tena darasa lililofurika linaharibu jicho: ndani ya wiki mbili umeshawagawa watoto kuwa wepesi na wazito, na mazoea hayo hayatoki kirahisi.

Najua, kwa sababu yalinipata. Nilikuwa na mtoto wa darasa la kwanza, kila nikimwuliza anainama na kukwaruza dawati kwa ukucha. Nikaandika kwenye daftari: mzito. Jumamosi nikamkuta sokoni na bibi yake, wanauza mawese. Nikatoa noti ya elfu mbili. Akapima kikombe, akahesabu chenji yangu kwa Kiha, shilingi kwa shilingi. Hesabu alikuwa nayo. Kiswahili changu ndicho hakikuwa kimemfikia.

Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet alipotunga kipimo chake cha akili Paris mwaka 1905, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa ziada. Kipimo kama hicho, mtoto akipewa kwa lugha asiyoimudu, kinapima lugha. Chuoni utalisoma hilo na kulijibu vizuri kwenye mtihani. Mimi nilihitaji kikombe cha mawese ndipo nilielewe.

Kwa hiyo nasema ufundishe kwanza. Hata England, ambako mafunzo haya sasa ni ya shahada ya uzamivu ya miaka mitatu, mwombaji hutakiwa awe amefanya kazi na watoto kabla.

Ila miaka mitupu haisaidii. Andika: mtoto alifanya nini, ulijaribu nini, kipi kilibadilika. Omba kujitolea kwenye shule yenye watoto wenye mahitaji maalumu, kama ile ya Kabanga, hapa Kasulu. Anayehofia kukwama akumbuke kwamba Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, unasoma huku unafundisha. Na mwenye ufadhili mkononi leo, huyo aende. Nafasi hiyo hairudi kwa kuisubirisha.

Wengine, miaka miwili inatosha. Wa pili ukianza, barua ya kuomba ruhusa iwe imeshafika kwa mkurugenzi.