Anayeosha mashine naye alipwe

Mashine ya zege haifi kwa kazi. Inakufa katika ile nusu saa baada ya kazi, ndoo ya mwisho ikishapanda juu ya slabu na watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Ukiwaambia mafundi hili wanakubali, tena wanakuongezea mifano. Kesho yake pipa la mashine linakutwa na ganda jengine la zege ndani. Ndiyo maana siamini kwamba tunapungukiwa na mawaidha. "Kitunze kidumu" kila mtu anaijua. Kinachokosekana ni mtu aliyelipwa kuosha.

Angalia slabu inavyopatanwa hapa Unguja. Bei inakatwa kwa mfuko wa saruji, kwa siku, au kazi nzima kwa mkupuo. Wa kuchota kokoto yumo kwenye bei, wa kubeba ndoo yumo, wa kusawazisha juu yumo. Zege likiisha na mapatano yameisha. Mashine ni ya kukodi, mwenyewe yuko kwake, fundi amesimama tangu asubuhi, na kibarua anawahi daladala kabla ya Magharibi. Nani abaki na brashi? Mimi nisingebaki bure, na simlaumu asiyebaki.

Mafundi haohao, mwenye nyumba akitaka kazi ikatwe katikati, humjibu kwamba zege halilali. Kumbe ndani ya pipa linalala kila siku. Saruji ikishaonja maji haingoji mtu; baada ya saa chache imekamata, na joto la kaskazi linaiharakisha zaidi. Asubuhi chepe halifui dafu tena, ndipo nyundo inapotolewa.

Hiyo nyundo ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kila pigo linaacha bonde kwenye bati la pipa, na kila bonde linashika saruji nyingi zaidi ya jana. Ganda linanenepa, pipa linakuwa zito huku likibeba kidogo, linazunguka kwa kuyumba, na mzigo wote unaishia kwenye beringi, mkanda na meno ya gia. Ndani, zile panga za kugeuzia zikizikwa na ganda hazinyanyui tena mchanganyiko. Zege linatoka na madonge ya mchanga mkavu, na zege hilo ndilo linalokwenda kwenye slabu yako. Wengine hukimbilia asidi. Asidi inalainisha saruji, sawa, kisha inakula chuma, na vidole na macho ya anayeimwaga viko hatarini.

Kuosha kwenyewe si kazi ngumu. Zege likiwa bado bichi, tia kokoto kiasi na maji, acha mashine izunguke dakika kadhaa ili mawe yasugue, mwaga, suuza tena, halafu futa na nje kabla matone hayajaganda, bila kuirushia injini maji. Kokoto hizo hazipotei, zinatumika kazi inayofuata. Ila maji yake yasielekezwe mtaroni: saruji itaganda humo, na mvua ya masika ikija jirani ndiye anayefurikiwa.

Maji gani, hilo ni suala la kisiwa. Kule Paje, Jambiani na Nungwi, juu ya mawe ya matumbawe, visima vingi karibu na pwani vina chumvi. Chumvi ikibaki kwenye chuma inavuta unyevu, na kutu inaanza chini ya rangi hata usione kitu. Gari linalopeleka saruji lipeleke na mapipa ya maji matamu ya kuoshea. Ni gharama ndogo kuliko bati jipya. Hata mashine ikioshwa vizuri, upepo wa bahari unaifuata ilipo. Ifunikwe kwa turubali, lakini turubali lisigusane na chuma wala kufungwa mpaka chini likazuia hewa, na mdomo wa pipa uelekezwe chini maji ya mvua yasikae.

Wapo wanaopaka mashine nzima oili chafu kuzuia kutu. Inazuia, sikatai, lakini inachuruzika ardhini, na maji tunayokunywa visiwani yanatoka hukohuko chini. Grisi kwenye sehemu zinazozunguka inatosha, na nje ipakwe rangi.

Kwa injini sina mengi. Honda GX160, kwa mfano, kitabu chake kinataka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100 au miezi 6, na inayoingia haifiki lita moja. Chujio la hewa lisafishwe kila saa 50, na penye vumbi la saruji mapema zaidi. Daftari la kuandika saa hizo linauzwa kila duka. Na vaibreta, ile ya kushindilia zege, isiachwe ikinguruma hewani: zege ndilo linaloipoza.

Mwenye kazi atauliza: mashine si yangu, kwa nini nilipie kuoshwa? Kwa sababu unalipa tayari. Mwenye mashine akinunua beringi na kuchomelea panga, gharama inahamia kwenye bei ya kukodi. Pemba ndiyo zaidi, maana spea mara nyingi inasubiri chombo kifike Mkoani au Wete, na siku zote hizo vibarua wamekaa.

Mimi ningetaka mapatano yamtaje muoshaji, awe yuleyule anayeendesha mashine, maana ndiye anayejua sauti yake. Posho yake iwe mbali na ujira wa siku, na aipokee baada ya fundi kumulika ndani ya pipa kwa tochi. Ukodishaji nao uhesabiwe umeisha hapo, si kwenye ndoo ya mwisho. Mwenye mashine asijitoe pia. Akirudishiwa pipa lenye ganda akanyamaza kwa kuwa mteja ni jamaa yake, atakayegonga nyundo ni mteja wa kesho, na huyo atalipa bei ileile kwa mashine inayobeba nusu.