Mtu Akipotea Mlimani, Swali la Kwanza ni Wapi

Mtu akipotea katika njia ya kupanda mlima, waokoaji huanza na swali la wapi: alionekana wapi mara ya mwisho, alikusudia kufika wapi, alibeba maji kiasi gani, na je, ni mtu wa kushika njia au wa kutafuta mkato. Umma hauna subira na swali hilo. Siku mbili hazijapita, watu wanakuwa wameshahamia kwenye nani, na hapo mume, mchumba au rafiki aliyekuwa naye siku ile hugeuzwa mshukiwa na watu ambao hawajawahi kuikanyaga njia yenyewe. Udaku umo katika jambo hili, sikatai, lakini naona tatizo letu kubwa liko kwingine. Tunausoma mlima kwa kanuni za mtaani, na mambo ambayo kule juu ni ya kawaida kabisa, sisi tunayachukua kuwa dalili za jinai.

Chukua eneo lililokwisha kupekuliwa. Mwili ukipatikana mahali ambapo watafutaji walishapita, utasikia papo hapo kwamba uliletwa baadaye. Wanaosema hivyo si wajinga, kwa sababu chumba cha nyumba kikishapekuliwa kweli kimepekuliwa. Wanaoongoza misako, hata hivyo, hawalihesabu eneo kuwa limekwisha; hulikadiria, wakijiuliza kama mtu angekuwemo, kulikuwa na uwezekano gani wa kumwona, na kadirio hilo halifiki asilimia 100 hata pale watu walipopita kwa mstari uliopangwa vizuri, kwa kuwa kichaka kizito au ufa wa mwamba unatosha kumficha mtu aliyelala mita chache tu kutoka kwa anayemtafuta. Ndiyo maana eneo lilelile hupitiwa mara ya pili na ya tatu.

Mwaka 2013 mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 66 alipotea katika njia ya Appalachian, jimboni Maine, Marekani. Alikuwa ametoka njiani kwenda kujisaidia, akashindwa kuiona njia tena. (Asiyewahi kutembea katika msitu mnene ataliona hili kama kichekesho, aliyewahi anajua kwamba hatua chache tu zinatosha kuifuta njia nyuma ya mgongo wako.) Alimwandikia mumewe ujumbe wa simu kumweleza kwamba amepotea, lakini mahali pale hapakuwa na mtandao na ujumbe haukuondoka. Akapanda juu kutafuta mtandao, akapiga hema, akasubiri. Mabaki yake yaligunduliwa Oktoba 2015, na daftari alilokuwa akiandika lilionyesha kwamba aliishi siku zisizopungua 26 tangu apotee. Kwa kuwa sehemu ile ya msitu hutumiwa na jeshi la majini la Marekani kwa mafunzo, uvumi ulipata pa kujishikiza, na watu wakasuka visa vya siri za kijeshi. Ukweli ulikuwa mtu aliyetoka njiani kwa haja, na simu isiyokuwa na mtandao.

Suala la nguo ni gumu zaidi kulizungumza, ila ndilo linalozaa uvumi mbaya kuliko wote. Mtu akipatikana mlimani akiwa nusu uchi, amejibanza chini ya gogo au kati ya mawe, wengi watasema alishambuliwa kisha akafichwa. Madaktari wanaochunguza vifo wanaijua picha hiyo kwa sura nyingine. Mwili unapopoteza joto kupita kiasi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ambayo ilikuwa imejibana ili kuhifadhi joto, inaweza kulegea ghafla. Damu yenye joto hukimbilia kwenye ngozi, na mtu anayekufa kwa baridi huhisi kwamba anaungua. Akili yake nayo imekwisha kuvurugika. Huvua koti, huvua viatu, na baadhi hutambaa hadi mahali pembamba na kujisokomeza humo. Familia inayosoma mtandaoni kwamba mtoto wao alifanyiwa unyama, wakati daktari bado hajasema neno, inabebeshwa picha ambayo ripoti ya baadaye haitaweza kuiondoa.

Simu nazo hazieleweki. Husemwa kwamba simu "ilizimwa", kana kwamba lazima kulikuwa na mkono ulioizima, ilhali betri huisha upesi zaidi penye baridi na pale simu inapohangaika kutafuta mnara. Kumbukumbu ya mnara huonyesha upande mpana wa nchi, haionyeshi mti aliosimama chini yake. Wasichana wawili wa Uholanzi walipopotea katika njia iliyo karibu na Boquete, Panama, Aprili 2014, simu zao zilionyesha kwamba walijaribu kupiga namba za dharura saa chache tu baada ya kuanza safari, na kamera yao ilikutwa na makumi ya picha zilizopigwa gizani usiku mmoja, siku kadhaa baadaye. Zaidi ya miaka kumi sasa watu wanazichambua picha hizo wakimtafuta muuaji. Nikizitazama mimi, naona kwanza watu waliokuwa na taa moja tu iliyobaki, nayo ni mwanga wa kamera, wakiitumia kuona au kuonekana.

Sisemi kwamba jinai haitokei milimani. Hutokea, na polisi wana wajibu wa kuichunguza, wakianza na watu wa karibu. Tofauti ni kwamba mpelelezi akimhoji mchumba na kuridhika, humwacha akaendelea na maisha yake; umma hauna utaratibu wa kumwachia mtu. Nadhani tunampenda muuaji wa kubuni kwa sababu ana nia na ana uso, wakati kosa la kupinda kushoto badala ya kulia halina hata kimoja.

Gharama yake huonekana msako ukiwa bado unaendelea. Mapema mwaka 2023, mwanamke alipotoweka katika njia ya kando ya mto Wyre, Uingereza, watu walisafiri kutoka mbali kwenda kurekodi video kijijini na kuzungukazunguka katika mali za wakazi, hadi polisi wakalazimika kutoa amri ya kuwatawanya. Baadaye mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba alizama kwa ajali. Kila askari anayemfukuza mpiga video, na kila saa inayotumika kuipima tetesi, vimetolewa kwenye kazi ya kutafuta, bila kutaja nyayo na harufu mpya za wageni hao zinazowachanganya wafuatiliaji na mbwa wao.

Hata hivyo, siamini kwamba umma unapaswa kukaa pembeni na kunyamaza. Mei 2019 mwanamke mmoja alipotea katika msitu wa hifadhi kisiwani Maui, Hawaii. Gari lake lilikutwa penye mwanzo wa njia, simu ikiwa ndani, na kama kawaida minong'ono ikamwangukia mpenzi wake, ambaye alikubali hata kupimwa kwa mashine ya kubaini uongo. Wakati huohuo watu wa kujitolea waliingia msituni siku baada ya siku, wakirekodi kwa GPS sehemu walizopita, ili kila asubuhi ramani iwaonyeshe pale ambapo hakuna aliyekanyaga. Michango ililipia helikopta. Baada ya zaidi ya wiki mbili, helikopta hiyo ilisogea nje ya eneo lililokuwa limetafutwa sana, ikamwona akiwa hai karibu na maporomoko ya maji, mguu umevunjika. Anayetaka kusaidia katika tukio kama hilo, na alipita njia ileile siku ile, ana kitu chenye thamani mkononi: picha zake zenye saa ya kupigwa, ambazo huenda nyuma yake ameonekana mtu mwenye koti jekundu akielekea njia panda. Azipeleke kwa anayeongoza msako, asiziposti.