Hip Hop Katika Japani ya Samurai: Kwa Nini Samurai Champloo Haijaichezea Historia

Wapo wapenzi wa historia ya Japani wasioweza kuivumilia Samurai Champloo hata kwa dakika kumi. Lalamiko lao linafahamika: samurai wa enzi ya Edo, iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika 1868, anapiganaje huku nyuma yake ukivuma muziki wa hip hop, uliozaliwa katika mtaa wa Bronx jijini New York katika miaka ya 1970? Mimi nina maoni tofauti kabisa. Katika mfululizo huu wa anime, yaani katuni za Kijapani, wenye sehemu 26, ulioongozwa na Shinichirō Watanabe na kuanza kurushwa na kituo cha Fuji mwezi Mei 2004, muziki ndio unaobeba maana, na ukiuondoa utabakiwa na kisa cha kawaida cha watu watatu wanaotembea kwa miguu huku wakisumbuliwa na njaa.

Hoja ya historia ndiyo nyepesi kuijibu. Filamu ya Seven Samurai ya Akira Kurosawa, iliyotoka mwaka 1954 na kuheshimiwa hadi leo, imesindikizwa na muziki wa Fumio Hayasaka unaopigwa na okestra yenye matarumbeta, ala ambazo mkulima wa kijiji cha Kijapani katika karne ya 16 hakupata hata kuziota. Hatusikii mtu akinung'unika, kwa sababu okestra tumeizoea katika sinema kiasi kwamba tumesahau kuwa nayo ina kwao na ina zama zake. Kila filamu ya mambo ya kale huazima masikio ya watu wa siku zake. Watanabe ametofautiana na wenzake kwa kukataa kuuficha mkopo huo. Sehemu ya kwanza inatanguliwa na maandishi yanayomwarifu mtazamaji kwamba hadithi haikufuata historia ilivyokuwa, kwamba walioitengeneza hawajali, na kwamba afadhali anyamaze aburudike. Huo ni ujeuri, sikatai, lakini ni ujeuri wenye ukweli ndani yake.

Kisa chenyewe hakina mzunguko. Fuu, msichana wa miaka 15 anayehudumia wateja katika mgahawa wa chai, anawaokoa wanaume wawili waliohukumiwa kufa, kisha anawafunga kwa sharti: wamsaidie kumtafuta samurai anayenukia alizeti, na hadi apatikane wasiuane. Sharti hilo lina sababu, maana Mugen na Jin hawapikiki chungu kimoja. Mugen ni mhuni wa visiwa vya Ryukyu, kusini mwa Japani, asiye na bwana wala adabu. Jin ni samurai aliyebaki bila mkuu wa kumtumikia, mkimya, mwenye miwani, aliyefunzwa upanga kwa taratibu zote za chuo.

Mtu akitaka kuelewa kazi ya muziki, awatazame hawa wawili wanapokabiliana kwa mara ya kwanza ndani ya mgahawa unaowaka moto. Jin amesimama mgongo ukiwa wima, mikono miwili juu ya mpini, na kila hatua anayoipiga ina sababu. Mugen anaweka kiganja chini, anazungusha miguu hewani kama wachezaji wa breakdance, dansi ya hip hop, na upanga wa mwenzake anaukinga kwa viatu vya mbao vilivyopigwa bamba la chuma. Katika filamu nyingi za mapigano muziki hupanda ili kutuonya kuwa hatari imekaribia, kisha hushuka kutujulisha kuwa sasa tunaweza kupumua. Hapa mdundo unajirudia bila haraka, haumwonei huruma yeyote, nasi watazamaji tunaachiwa wenyewe kazi ya kuogopa. Hata kupita kutoka onyesho moja hadi jingine kumekabidhiwa kwa DJ: santuri inakwanguliwa, picha inakatika na kurudi nyuma, na hadithi inaendelea kutoka pembe nyingine.

Waliotunga midundo hiyo ni Nujabes, Fat Jon, Tsutchie na kundi la Force of Nature. Nujabes, ambaye jina lake halisi ni Jun Seba, alikuwa na duka la santuri katika mtaa wa Shibuya jijini Tokyo, na hilo linasikika waziwazi katika kazi yake: anachukua kipande kifupi cha piano au cha filimbi kutoka katika rekodi ya zamani, anakirudiarudia, anakitandikia ngoma chini yake, na kile kilichokuwa kimesahaulika kinapata maisha mapya bila kupoteza uzee wake. Watanabe amefanya jambo lile lile kwa enzi ya Edo. Amekata vipande vya historia na kuvipanga upya kwa mdundo wa leo. Hishikawa Moronobu, mchoraji aliyeishi kweli katika karne ya 17, anatokea akimchora Fuu. Vijana wanashindana kuchora maandishi kwenye kuta kama wale wa New York. Mabaharia wa Marekani wanashuka na kucheza besiboli na wenyeji, ingawa meli za Perry, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, hazikufika Japani hadi mwaka 1853. Si kila kipande kimekaa vizuri. Sehemu ya maiti wanaofufuka, kwa mfano, ningefurahi isingekuwapo.

Wanaodai kwamba historia imedhihakiwa wanapaswa pia kuangalia ni historia ipi iliyopewa uzito. Samurai wa alizeti anahusiana na mateso ya Wakristo wa Japani na uasi wa Shimabara wa mwaka 1637 hadi 1638, ambao utawala wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi, uliuzima kwa mauaji makubwa. Njiani tunakutana na Mwainu, mtu wa jamii ya asili ya kaskazini mwa Japani, anayewindwa, na Mholanzi anayejificha katika mji wa Edo, Tokyo ya leo, kwa matumaini ya kuishi mahali ambapo mwanamume anayependa wanaume hatasumbuliwa. Wote ni watu waliosukumwa pembeni na utawala uliokuwa ukijifungia milango. Kwa watu wa namna hiyo, muziki ulioanzishwa na vijana weusi na wa asili ya Puerto Rico katika mtaa uliotelekezwa hauhitaji kibali cha kuingia.

Hata hivyo, wimbo ulionikaa zaidi moyoni katika mfululizo huu si wa hip hop hata kidogo. Katika sehemu ya 14, baada ya yaliyopita ya Mugen kumfikia na kumwangusha baharini akiwa nusu mfu, midundo yote inanyamaza, na inaingia sauti ya Ikue Asazaki akiimba wimbo wa jadi wa visiwa vya Amami. Visiwa hivyo vilikuwa chini ya ufalme wa Ryukyu hadi majeshi ya Satsuma, himaya ya kusini mwa Japani, yalipouvamia mwaka 1609 na kuvichukua. Kwa hiyo anapozama, Mugen anaimbiwa na sauti ya upande wa kwao, na kwa dakika kadhaa hakuna anayejaribu kutufanya tuone jinsi alivyo mtanashati. Mwongozaji asiyeyaamini masikio yake angeijaza nafasi ile kwa maneno.

Kasoro ninayoiona ni kubwa kuliko ile ya wanahistoria. Fuu, ambaye safari ni yake, anatekwa mara nyingi mno, na wanawake wanaouzwa madanguroni wanatokea zaidi ili wanaume wapate wa kuwaokoa au kuwaomboleza. Sehemu ya 11 inajitahidi: Shino, aliyeuzwa kwa sababu ya madeni ya mumewe, anapata njia ya kufika kwenye hekalu ambako mwanamke aliweza kujipatia talaka, na mahekalu ya aina hiyo yalikuwapo kweli. Lakini hata hapo kamera inamjali zaidi Jin anayeachwa nyuma.

Waliofuata njia hii baadaye hawajaifikia kazi hii, kwa maoni yangu. Afro Samurai ya mwaka 2007 ina muziki mzito wa RZA, lakini kila kitu ndani yake kinapiga kelele kwa wakati mmoja. Yasuke ya mwaka 2021, yenye muziki wa Flying Lotus, ilinivutia kabla sijaiona, kwa sababu inamhusu Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na wamisionari Wajesuti, anayedhaniwa kutoka Msumbiji, na ambaye alimtumikia mbabe wa vita Oda Nobunaga. Kisa cha kweli cha mtu huyo kingetosha peke yake. Wao wakaongeza roboti na uchawi, na muziki mzuri ukakosa pa kukaa.

Nujabes alifariki katika ajali ya barabarani mwezi Februari 2010, akiwa na umri wa miaka 36. Midundo inayoiga yake imeenea sasa kila mahali kwenye intaneti, ikiandamana na picha za vijana wanaosoma usiku, na inasikilizwa na watu wanaotaka kitu kisichowasumbua wakiwa kazini. Sina ugomvi na anayesomea mtihani kwa muziki huo. Ila katika Samurai Champloo haukuwekwa ili tuusahau, na ndiyo maana ningemshauri anayeanza leo aitazame kwa sauti ya Kijapani, afungue spika vizuri, na asiruke wimbo wa ufunguzi.