Macho Yangu Mazima, Kijiti cha SAR Ndo Kinanichafulia Jina

Jamani mimi siyo kipofu. Naanza na hilo kwa sababu kuna maneno yanazunguka hapa kazini kwetu, kampuni ya ulinzi, tena yanasambazwa na vijana walioajiriwa juzi, vitambulisho vyao bado vinanuka plastiki. Mimi kunguru akitua kwenye nguzo ya umeme kule ng'ambo ya barabara namwona, na alichobeba mdomoni nakwambia. Basi likichomoza kuelekea stendi ya Msamvu nalijua ni la nani kabla konda hajatoa kichwa nje. Mdeni wangu akikata kona kunikwepa namwona vizuri mno. Shida yangu ni moja na ni ndogo, ina ukubwa wa njiti ya kiberiti, iko mwisho wa mtutu wa bunduki niliyoishika mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili, na hiyo ndo siioni.

Wenye kujua silaha mshanielewa. Kwa ambao hamjapita mgambo wala JKT, bunduki ya kawaida haina darubini wala kale kataa kekundu mnakokaona kwenye muvi, ina vyuma viwili basi. Nyuma kuna kibati chenye ufa, mbele kabisa kuna kijiti kimesimama. Unafumba jicho moja, kijiti unakiweka katikati ya ufa, vichwa vilingane, halafu ncha ya kijiti ikae chini ya lile duara jeusi kwenye bango, unabana pumzi, unafyatua. Nilipokuwa kijana nilikuwa nafanya hayo nikiwa na njaa, na usingizi, na afande amesimama juu ya mgongo wangu anataja ukoo wangu mpaka babu wa tatu, na risasi zinaingia.

Sasa hesabu mwenyewe, hapo kuna vitu vitatu. Ufa uko karibu, umbali wa kusomea gazeti. Kijiti kiko kama mita moja kasoro. Bango liko mita 100. Hakuna jicho duniani linaloona vyote vitatu safi kwa mpigo mmoja, hata la mtoto. Ila kijana lenzi yake ya jicho bado laini, inajikunja inajinyoosha, inaruka ufa, kijiti, bango, ufa, kijiti, haraka mpaka mwenyewe hajui kama kuna kazi imefanyika humo ndani. Ile lenzi inakakamaa polepole miaka yote, ukishagusa 40 ndo unaanza kujua. Haiumi, haivimbi, haikuletei hata barua. Siku moja unajikuta unasoma kikaratasi cha dawa ya kikohozi umesimama juani katikati ya uwanja, kuku wanakushangaa.

Kampuni yetu kila mwaka inatupeleka kulenga shabaha, wanaita rifresha. Lindoni tunabeba pampu (shotgun), na pampu haina makuu, ina kashanga kamoja tu mbele, unaelekeza upande wenye matatizo, yameisha. Lakini siku ya rifresha zinaletwa bunduki za SAR, zile za Kichina zenye kitako cha mbao na singe inayokunjwa chini ya mtutu, umri wao na wangu haupishani sana, tofauti ni kwamba zenyewe kuna mtu analipwa kuzipaka mafuta.

Uonevu unaanza kabla hata hujalala chini. Juu ya kile kibati cha nyuma kuna namba, 1 mpaka 10, kila moja ni mita mia, na kuna kidude unakitelezesha juu yake. Afande anapiga kelele wekeni moja! Haya, moja iko wapi? Namba zimechongwa ndogo, na aliyezichonga hakuwa na baba. Nikamwita dogo wa pembeni, dogo hebu nisomee hapa. Akachungulia mara moja tu, tena bila kukunja uso, akasema "mzee wangu hii imekaa saba." Saba! Hiyo ni ya mita 700, bunduki inajiinua ikijua adui yuko kijiji cha pili, ningefyatua hivyo hivyo risasi ingepita juu ya kulenga kwangu zaidi ya mita moja, naandikiwa sifuri, lawama zote kwenye jicho.

Tukalala. Nikaweka shavu kwenye kitako, nikafumba la kushoto. Bango lile pale, zuri, jeusi linang'aa, naliona mpaka karatasi ilivyopinda kona moja. Kijiti sasa. Kijiti hakipo. Pale kinapotakiwa kuwepo kuna moshi. Nikakodoa, moshi ukagawanyika, vikawa vijiti viwili vimesimama vinaongea.

"Afande, naomba kuuliza."
"Uliza mzee."
"Nitumie cha kushoto au cha kulia?"

Mstari mzima ulicheka na bunduki zimejazwa, usalama uko wapi hapo. Afande akaja akachuchumaa, kijana mdogo tu, shikamoo ananipa vizuri, akasema "Mzee, usiangalie bango. Angalia kijiti. Kijiti kiwe safi, bango liwe na ukungu." Sawa afande, ni kweli kabisa, na mimi ndivyo nilivyofundishwa kabla mama yako hajakupata. Ila mimi kwangu inakuja kinyume na sikuombwa kuchagua. Na hapo hamna mchezo, maana kati ya ufa na kijiti cha SAR ni kama sentimita 48 tu, kwahiyo kijiti kikihama milimita moja pale puani kwako, kule mita 100 risasi imehama sentimita 20 hivi. Milimita moja! Mimi nimesimamiwa na ukungu mnene kuliko hiyo milimita, na vijiti viwili juu yake.

Nikapiga tu, nitafanyaje. Walivyokwenda kuhesabu matundu, bango langu lilikuwa safi, mwakani linaweza kutumika tena. Bango la jirani yangu lilikuwa na matundu mengi kuliko risasi alizopewa, akapigiwa makofi, akaitwa bingwa wa kundi letu. Soda yenyewe hajaninunulia mpaka leo.

Basi ofisi ikanipeleka kupima macho. Nikaingia chumba kile, mita 6 mbele kuna ubao wa zile E zinazogeuka geuka, dada wa watu anaonyesha na kijiti (hicho nilikiona), mimi nataja, juu, chini, kulia, kushoto, nikashuka mpaka mstari wa mwisho kabisa. Akaandika 6/6. Akanipongeza, "baba, una macho ya kijana." Nikatoka na karatasi yangu nikaipeleka kwa mtu wa rasilimali watu. Akaweka karatasi ya hospitali huku, karatasi ya afande huku, akazitazama muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya upole sana kama natumia kilevi. Maana kwa hesabu zake, macho mazima, shabaha hakuna, basi tatizo liko kwenye chupa. Nikamwambia bosi, mwizi hasimami mita 6 ameshika ubao wa E, mimi nimepimwa mbali na kijiti kiko karibu, nani kapima karibu? Akaandika kitu. Mpaka leo nawaza aliandika nini.

Nyumbani nako hakuna wakili. Nimemweleza mama Neema yote, lenzi, kukakamaa, umri. Akanisikiliza huku anapakua. "Baba Neema, kijiti hukioni lakini mnofu hata nikiufukia chini ya wali unauona." Sasa mtu kama huyo unamjibu nini, na mnofu wenyewe alikuwa kaufukia kweli.

Nikaenda stendi kwa wale vijana wanaotembeza miwani kwenye ubao. Vipimo vyao ni rahisi, anakuvalisha, anakupa kipande cha gazeti, ukisoma kichwa cha habari umepona, lete hela. Nikachukua ya +2.50, gazeti nililiona mpaka madoa ya vitumbua. Rifresha ya marudio nikaivaa kwa madaha, nikalala, nikalenga. Ufa wa nyuma huu hapa! Safi! Naona kutu, naona vumbi ndani ya kutu. Kijiti hakuna. Bango hakuna. Kilima nyuma ya bango, ambacho serikali inakijua na kipo kwenye ramani, hakuna. Kumbe +2.50 inakaa sawa kwenye sentimita 40 hivi, ukipita hapo kila kitu ni uji. Kijiti changu kinataka pungufu kidogo ya +1, ili kionekane na bango lisipotee moja kwa moja, ila ukimwambia muuza miwani +0.75 anakutazama unataka nusu ya vitumbua. Kwenye ubao wake zinaanzia moja.

Mtu akanishauri nichukue zile zenye vioo viwili, juu mbali, chini karibu. Zile ni nzuri ukiwa umekaa kwenye kiti unasoma barua. Ukilala kifudifudi na shavu kwenye kitako, wewe unachungulia kwa juu kabisa ya kioo, karibu na nyusi, kwahiyo unapata ya mbali, ile ya karibu iko chini inaangalia majani. Ili uifikie unatakiwa uinue kichwa kama kobe anayeuliza njia, na ukiinua kichwa shavu limeachana na kitako, ufa nao umeachana na jicho, hapo unapiga kwa imani. Na SAR ikirudi nyuma fremu inakugonga pua.

Kilichonisaidia ni kitu cha bure. Fundi mmoja wa saa mjini, yule anayebana kioo jichoni, alinichukulia kipande cha karatasi ngumu, akatoboa kwa pini, akaniambia chungulia. Jamani. Namba za vocha nilizisoma bila miwani! Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hautawanyiki sana, kwahiyo cha karibu na cha mbali vyote vinatulia, na ndo maana wazee wote tunakunja macho tukitazama kitu, tunatengeneza tundu letu wenyewe bila kujua. Mwingereza alishalijua hilo, ile Lee-Enfield No. 4 ya Vita ya Pili ya Dunia nyuma ina tundu badala ya ufa. G3 za Wajerumani, ambazo jirani zetu Kenya askari wao wanazibeba, nazo zina matundu. Sisi bahati yetu ikaangukia kwenye ufa.

Basi nikachukua miwani ya kawaida isiyo na nguvu, nikabandika tepu nyeusi ya fundi umeme kwenye kioo cha kulia, nikatoboa katundu katikati ya pale ninapochungulia nikiwa nimelala. Siku ya siku, jua la saa sita, nikalenga, na wallahi nilikiona. Kijiti kimoja! Kimesimama peke yake, cheusi, na bango nyuma yake. Nilitaka kukisalimia. Risasi zikaingia kwenye bango, tena bango langu, zote zimekaa kushoto kidogo lakini zimekaa pamoja. Kisha wingu likapita, na katundu kale kanataka jua kali, giza likaingia mchana kweupe nikabaki nimelala naomba wingu liende.

Afande akaja. "Mzee, hiyo ni miwani au bandeji?" Nikamweleza. Alielewa, kijana mwelewa yule, lakini mkubwa wake akasema hairuhusiwi, adui hatakusubiri ubandike tepu. Adui gani? Nimelinda godauni miaka na miaka, sijawahi kuona adui amesimama mita 100 ametulia amevaa duara jeusi kifuani. Saruji ya pale inaibwa na watu wenye vitambulisho, mchana, na wananisalimia wakitoka.

Dogo wangu wa pembeni naye, kwa nia njema, akaniletea video kwenye simu, eti mzee tazama huyu, Simo Häyhä wa Finland, alipigana na Warusi 1939 mpaka 1940, kwenye theluji, inasemekana aliua kama 500 na hakutumia darubini, vyuma vitupu hivi hivi, alisema darubini inakulazimisha kuinua kichwa na kioo kinamulika jua. Nikamuuliza dogo, alizaliwa lini huyo? Akatafuta. 1905. Haya toa mwenyewe. Alikuwa na miaka 34! Lenzi bado mlenda! Mleteni akiwa na umri wangu, mpeni SAR, muwekeeni namba kwenye saba, tuone.

Mwisho wa yote ofisi ikakaa kikao. Wakasema mzee wetu ametumikia vizuri, tumpumzishe na silaha kwa sababu ya macho, tumpe kazi nyepesi. Nikanyang'anywa pampu, ambayo haina ufa, haina namba, haijawahi kunisumbua, nikapelekwa getini kwenye kitabu cha wageni. Yaani wamemwona mtu haoni karibu, wakampa kazi ya kusoma karibu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kila anayeingia nimnakilie namba ya NIDA, na namba ya NIDA ina tarakimu 20, zimejipanga kwenye kadi kwa maandishi ambayo yule mchonga namba za SAR angeyaonea wivu. Nikivaa ile +2.50 nasoma kadi lakini gari linalokuja silioni, nikivua naona gari lakini mwenye kadi simjui, nikivaa ile ya tepu wageni wanashika njia kurudi, wanadhani kuna ugonjwa wa macho humu ndani.

Saivi nimeamua, kalamu iko pale imefungwa kwa kamba, mgeni andika mwenyewe. Juzi bosi kapitia kitabu akaniita, kuna mtu kwenye safu ya jina kaandika Mgeni, kwenye namba ya kitambulisho kaandika namba ya simu ya mganga, kwenye sababu ya kuja kaandika kuangalia saruji. Nikamwambia bosi, mwandiko wake ulikuwa mdogo. Ila gari lake nililiona likiondoka mpaka linakata kona ya mbali kule, nyuma limeinama, na namba zake ukitaka nakutajia sasa hivi.