Riale ya 1780 isiyokuwa ya 1780

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Bagamoyo aliniletea sarafu ya shaba aliyoiokota ufukweni kwa ditekta, ile mashine ya fimbo inayolia ikipita juu ya metali. Alikuwa ameshaisugua kwa ndimu na mchanga mpaka inang'aa. "Shikamoo mzee. Hii ya mwaka gani?"

Upande mmoja kilibaki kivuli cha tai, wa pili vipande vya herufi za Kiarabu. Hiyo ni sarafu iliyoitwa pesa, ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Zilitolewa zenye miaka ya 1890, 1891 na 1892, pamoja na mwaka wa hijria upande wa Kiarabu. Ipi kati ya hiyo mitatu? Ndimu imeshakula jibu. Na hata mwaka ungesomeka, ungetueleza sarafu ilipigwa lini tu. Ilidondoka lini mchangani ni swali jingine, kwa sababu heller, sarafu ndogo zilizochukua nafasi ya pesa, hazikuja mpaka 1904 na pesa hizo ziliendelea kupita mikononi mwa watu.

Wengi tunaamini kwamba chuma chenyewe kinasema umri wake. Mara nyingi kinadanganya. Riale za fedha zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizotumika sana pwani hii, zote zimeandikwa 1780, nazo ziliendelea kupigwa na mwaka huohuo hadi karne ya 20, Vienna, London, hata Bombay. Msumari wa pembe nne uliofuliwa kwa mkono nao huitwa wa kale papo hapo, wakati wahunzi wa pwani wameendelea kuwafulia mafundi wa majahazi misumari ya namna hiyo. Na mnyororo! Kila mnyororo unaofukuliwa Bagamoyo ni wa watumwa, hata kabla haujapanguswa. Utumwa ulipita hapa kweli, wala sitaki mtu aupunguze. Lakini Wajerumani nao walifunga wafungwa minyororo shingoni, na majahazi yana minyororo yake. Kuita kila kipande cha watumwa bila ushahidi ni kuwakosea hao waliofungwa kweli.

Wanaotetea ditekta wana hoja nzito. Chumvi ya bahari haisubiri mtaalamu. Mawimbi yanakula ufukwe, watu wanachimba misingi ya nyumba, na mnunuzi wa vyuma chakavu anapima kwa kilo bila kuuliza historia. Kitu kilichookotwa na kijana mwenye hamu ya kujua kina nafuu kuliko kilichoyeyushwa. Uingereza tangu 1997 wana mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na raia, na vilivyoandikwa vimepita milioni moja. Mwokotaji anaweza kuwa msaidizi wa elimu.

Upande wa pili ndio unaonishika zaidi. Sarafu za shaba za Kilwa zina majina ya masultani bila mwaka. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano kati yake, pamoja na nne za Kiholanzi, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake. Hadi leo hakuna awezaye kuthibitisha zilifikaje huko, kwa kuwa hakuna aliyeusoma mchanga zilimolala. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984: zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zilikutwa pamoja na dinari za dhahabu za Fatimiya, ukoo uliotawala Misri, na dinari hizo zenye mwaka zikazisaidia zile zisizo na mwaka kupata umri. Zingeokotwa mojamoja na kugawanywa mifukoni, tungebaki na vipande vya fedha tu.

Nilimuuliza kijana pesa yake aliikuta wapi hasa. Akanyoosha mkono kuonyesha ufukwe wote.

Na mwaka si swali la kujifurahisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imechora mstari kwenye 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa, na kukichimba bila kibali ni kosa. Mwenye ditekta hawezi kujua kitu kipo upande gani wa mstari mpaka akitoe, na akishakitoa ameshaharibu.

Kwa hiyo kwangu ditekta isikaribie magofu ya Kaole wala mengine yoyote, hata kwa nia njema. Tanga, walikopigana Waingereza na Wajerumani Novemba 1914, kinacholia ardhini huenda kikawa kombora ambalo halijalipuka. Mchanga unaosukumwa na maji kila siku ni habari nyingine. Hapo ningemruhusu, ila apige picha kitu kikiwa bado chini, apime kina kwa rula, aandike umbali kutoka mnazi au ukuta unaojulikana, kisha akipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale kikiwa na udongo wake. Ndimu ibaki jikoni.

Daftari nimempa. Ukurasa wa kwanza tumeandika ya ile pesa, na mahali pa "ilipokutwa" tumeacha wazi.